Salamu Hizi Zipelekwe kwa Miguu

Buffalo, upande wa Bailey
Jumapili, baada ya ibada

Mdogo wangu Stella,

Kabla hujakaa, mpe Mama shikamoo yangu. Kisha pokea salamu zako mwenyewe, na shemeji Petro pia. Mgongo wake unaendeleaje? Watoto wanasoma? Mvua imetosha kupanda maharage, au bado mnaangalia mawingu? Sisi huku tunapumua. Theluji ilijifanya imeondoka, watu wakaanika makoti, kumbe ilikwenda kujipanga upya. Shemeji yako amehamishiwa shifti ya usiku, tunapishana kwenye ngazi kama wapangaji. Nimechoka, Stella, sikufichi. Nimechoka kuanzia kisigino. Lakini mgonjwa siye mimi, na ndiyo maana nimechukua kalamu.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza ndani ya gari nje ya ghala, nikaurudia, mpaka nikachelewa kuingia kazini. Unasema Mama alipoiona ile picha yangu ya juzi aliuliza, "Huyu ni nani?" na alipoambiwa ni mimi akalia. Majirani wakaja kumpa pole kana kwamba kuna matanga. Halafu ukasema lile lililonikata maini: kwamba tangu siku hiyo amekataa vidonge vyake vya sukari, amekataa chakula alichopangiwa na kliniki, amerudia soda na chai tamu kama asali, kwa sababu, anasema, "mambo hayo ya kujinyima ndiyo yaliyommaliza mwanangu Amerika." Na daktari ameshasema asipojitunza huenda akakatwa mguu.

Basi naandika. Simu Mama haiamini, anasema kwenye simu kila mtu ni mzima. Karatasi aliizoea tangu kambi ya wakimbizi, na mwandiko wangu anaujua ingawa hasomi. Mchungaji wetu anasafiri kuja Kigoma, ndiye atakayeibeba hii. Msomee Mama yote, usiruke hata pale nitakapokuwa mkali. Ukurasa wa mwisho nimeukunja peke yake. Usiufungue mpaka nikuambie.

Mama, hakuna aliyenikondesha. Nimekonda mwenyewe, kwa kukusudia, na imenigharimu jasho kuliko kuhama nchi.

Zikumbuke zile picha zangu. Ya kwanza ilitoka Louisville, mji wetu wa kwanza. Nilikuwa kiwanda cha biskuti, na zilizovunjika tuliruhusiwa kula. Nilizila, Mama. Mtu aliyepanga foleni ya mgao hawezi kuona chakula kinamwagwa kwenye pipa akaendelea kufunga maboksi. Mashavu yakajaa, nikapiga picha, nikatuma, na Stella akaniambia umeizungusha simu kanisani benchi kwa benchi. Ya pili ilitoka Columbus. Kule nilipewa kuendesha kigari cha kunyanyulia mizigo, nikaona nimepanda cheo. Kazini nimekaa, kwenye gari nimekaa, nyumbani kwenye kochi. Ulipoiona picha hiyo ukasema, "Sasa ametulia." Ya tatu ni ya hapa Buffalo, nikiwa na lile gauni la kitenge mlilonishonea Kasulu, ambalo halikupita mabegani mpaka likapasuliwa ubavuni na kuongezwa kitambaa. Hiyo uliipigia vigelegele.

Kila nilipoongezeka, kwenu ilikuwa habari njema. Mimi huku nilikuwa nasimama katikati ya ngazi za nyumba yangu, nimeshika ukuta, nasikiliza moyo unavyogonga, na binti yangu Neema kule juu ananisubiri huku anatazama simu ili asinionee huruma waziwazi. Muuguzi akanipima akaniambia sukari haijaingia, ila imeshika kitasa cha mlango. Sikuwaambia. Ningeanzaje? Mngesema nina deko.

Sasa nikueleze nani aliyeniamsha. Kazini Cheektowaga napakia mizigo pamoja na mwanamke anaitwa Yolanda. Ametoka Puerto Rico, kisiwa cha watu wanaozungumza Kihispania, na nyumba yake iko mitaa michache kutoka kwangu. Kiingereza chetu sote wawili ni cha kuokoteza, kwa hiyo tunaelewana vizuri sana. Siku moja hakuja kazini. Nikasikia mumewe, Ramiro, alilazwa, na sasa ametoka. Ugonjwa gani, hakuna aliyeniambia, nami sikuuliza. Nikafanya ambalo yeyote wetu angefanya. Nilivaa kitenge, nikanunua sukari mifuko miwili na soda kubwa ya chungwa, nikaenda kumpa pole mgonjwa.

Yolanda akafungua mlango. Akatazama sukari. Akanitazama mimi. Akacheka mpaka akakaa chini kwenye viatu vya watoto.

"Comadre," akasema, "umekuja kummalizia leo leo?"

Comadre ndivyo wanavyomwita mama wa ubatizo wa mtoto wao, au mwanamke aliyekuwa karibu kama ndugu. Hapo ndipo nilipojua Ramiro alilazwa kwa sukari, na kwamba kwenye wayo ana kidonda ambacho hakukisikia kikianza. Nilitamani kurudi kinyumenyume. Lakini Ramiro akapiga kelele kutoka kwenye kiti chake: "Mwache aingie! Huyu ndiye mgeni wa kwanza anayenielewa!"

Wa kwanza kitu gani! Mezani palikuwa pamejaa keki na chupa za soda walizoleta watu wao wenyewe. Kwao, kama kwetu, kumwendea mgonjwa na maji matupu ni kumtukana. Nikakaa pale nikiangalia ile meza na kufikiri: watu wanaompenda huyu bwana watamzika.

Kwenye chumba cha chini cha kanisa lao palikuwa na darasa la familia za Kilatino, la kula vizuri na kuufanyia mwili mazoezi. Gari la Yolanda liligoma kwa baridi, nikajitolea kuwapeleka yeye na Ramiro. Nilikusudia kusinzia kwenye kiti cha nyuma na koti langu. Mwalimu alikuwa msichana anaitwa Marisol, mtoto wa vibarua wa mashambani, anasema Kihispania na Kiingereza bila kuhema. Akatuonyesha picha ya sahani iliyogawanywa. Punguzeni wali, akasema, acheni soda, jazeni mboga, tembeeni kila siku. Ramiro amekunja mikono kama mtu anayesomewa hukumu.

Mnanijua. Nikanyoosha mkono.

Nikamwambia: dada, maduka ya karibu na kwangu yanauza bia, sigara, tiketi za bahati nasibu na chipsi za pakiti. Mboga ya majani naifuata kwa mabasi mawili. Soda ni rahisi kuliko maziwa, na hiyo haikupangwa na mama yeyote aliyeko humu. Unatuambia tutembee. Mtu aliyesimama ghalani tangu alfajiri, jioni atatembea na miguu ya nani? Yake ameshaiuza. Nimesoma sana, nikamwambia, nimesoma vitabu vya maktaba yao mpaka mkutubi ananijua kwa jina, na kila anayeandika juu ya afya ya maskini huanza na tabia za maskini. Haanzi na duka. Haanzi na mshahara. Wanatujaza sukari kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine wanatuletea picha ya sahani!

Yolanda alikuwa anatafsiri kwa Kihispania, kwa sauti kubwa kuliko yangu, na nadhani aliongeza ya kwake. Watu wakapiga makofi. Nikakaa nikijua nimeshinda.

Marisol akanisubiri nitulie. "Umemaliza, mama? Sawa. Yote uliyosema ni kweli. Lakini mguu wa Ramiro haujui kwamba ni kweli."

Akawa amenishinda. Naam, mimi Konsolata. Stella, mwache Mama acheke hapo kwanza, ana haki.

"Duka nitapigana nalo pamoja na wewe," akaendelea, "lakini litachukua miaka. Yeye ana wiki. Kwa hiyo mkutano ujao wewe ndiye mpishi. Tuonyeshe watu wenu walikula nini kabla ya duka la kona."

Nikaenda na maharage, Mama, yale ya kuchemsha taratibu, yaliyopondwa kidogo kwenye mchuzi wake, bila kukaangwa. Mchicha niliufuata kwa yale mabasi mawili, kwenye duka la Wabangladeshi, nikautia karanga kiasi cha kuulainisha. Ugali wa mtama nikausonga mdogo, wa kusindikiza, si wa kutawala. Wale wanawake wakaanza kunifokea: maharage gani haya hayana pilipili hoho, hayana giligilani! Wakaniondoa kwenye jiko, wakayatengeneza upya, tukagombana kwa lugha tatu. Lakini bibi mmoja, Doña Chela, alionja yangu kabla hayajaguswa, akabaki ameshika kijiko. Akasema hiki alikula kwa bibi yake shambani, kabla hawajahamia mjini na kuona aibu kukila.

Aibu. Ndilo neno lililokuwa linanisumbua, na yule bibi amelisema akitafuna. Maharage tuliyaacha kwa sababu yalikuwa chakula cha mgao. Mboga tuliziacha kwa sababu ni za asiyeweza nyama. Wao vilevile, kisiwani kwao. Watu wawili kutoka pande mbili za dunia, tumekimbia chakula kilekile kwa kosa lilelile, tukaangukia kwenye chupa ileile ya chungwa.

Chakula kikaanza kukaa sawa. Kutembea ndiko kulikokuwa vita. Ramiro alikataa katakata. "Nipite barabarani kwa miguu kama mtu asiye na gari? Watu watadhani nimenyang'anywa leseni!" Nilitaka kumkaripia nikashindwa, kwa sababu ni sisi huyo. Tulitembea tukitoroka, tulitembea tukitafuta kuni, tukaapa watoto wetu hawatatembea. Kisha mtu anakuja kutuambia tutembee bure, twende pasipo mahali, turudi. Anayezurura bila anakokwenda, kwetu ni kichaa au anachungulia nyumba za watu. Na theluji yenyewe imelala njiani, hakuna wa kuizoa upande wetu wa mji.

Yolanda hakubishana. Akapika sufuria ya maharage, akaifunga kwa kitambaa, akaiweka mikononi mwa mumewe.

"Doña Chela hajala," akamwambia.

"Mpelekee na gari."

"Gari limekufa. Na mimi naingia kazini. Ni comadre wako, amembatizisha mwanao wa kwanza. Unataka nimwambie umeshindwa mitaa minne?"

Ramiro akaondoka akitukana gari, theluji na ndoa, sufuria ameikumbatia juu ya tumbo. Viatu vya buti alivyopewa hospitali, soksi nene, daktari wake akijua. Alikawia. Aliporudi alikuwa na bakuli. Doña Chela, kwao kama kwetu, hawezi kumwacha aliyemletea chakula arudi mikono mitupu, alikuwa ametia supu ya maboga. Sasa Yolanda ana bakuli la watu ndani ya nyumba. Atalirudishaje hivihivi? Akatia papai. Nani atalipeleka?

Mama, wewe umeshaelewa. Vile vyombo havijasimama mpaka leo. Marisol aliposikia aliruka kama aliyefunga goli, darasa zima likafuata. Sufuria zinapita kati ya nyumba na nyumba, na kila anayebeba anajiona ana kazi, hajioni mgonjwa. Mimi na Yolanda tunabadilishana bakuli jioni tunapotoka ghalani, na hapo ndipo nilipoona kwamba miguu niliyosema nimeiuza ilikuwa imebaki kidogo. Neema alinicheka kwa Kiingereza chake, kwamba siku hizi watu wanaagiza chakula kwa simu, kinaletwa. Nikamwambia anifuate, nisije nikaanguka kwenye barafu. Alinifuata kwa mdomo uliovimba. Juzi tulipokuwa tunapanda ngazi za nyumbani nikasikia sauti nyuma yangu, kwa Kiswahili, lugha ambayo siku hizi naitoa kinywani mwake kwa koleo: "Mama, nisubiri."

Nilimsubiri. Niligeukia ukutani ili asione uso wangu.

Sasa itazameni tena ile picha iliyowaliza. Bwana aliyesimama kushoto kwangu, mwenye fimbo na sufuria, ndiye Ramiro. Sikudanganyi, Mama: kidole kimoja cha mguu hakikupona, walikikata. Mguu umebaki. Daktari alikuwa ameutaja mguu, kama daktari wako alivyoutaja wako, na leo uko ndani ya kiatu unapeleka maharage. Dawa zake anameza. Chakula hakikuziondoa dawa wala kutembea hakukuziondoa, vinakwenda pamoja, na atakayekuambia uchague kimoja mwambie aje aongee na mimi.

Stella, sasa ni zamu yako na shemeji, na naomba msinune. Mmemketisha Mama. Najua ni heshima. Maji analetewa, kiti kinafuata kivuli, mjukuu anatumwa hata kuchukua miwani, na kila mgeni anayeingia anamwekea kilo ya sukari magotini, nanyi mnamkorogea palepale. Mwanamke aliyenibeba mgongoni kuvuka mpaka, leo haruhusiwi kuvuka uwanja! Mnamheshimu mpaka mguu unaoza. Wageni waambieni waziwazi: anayetaka kumwona Mama alete maharage, alete mchicha, alete mapera. Wakinuna, semeni mimi ndiye niliyekataza. Nimezoea kuchukiwa, tena kwa mambo madogo kuliko hili.

Na wewe Mama, najua picha zile za unene zilikuwa na kazi yake. Zilikuonyesha kwamba hukukosea kuniacha niende. Kila shavu langu lilikujibia wale waliosema umempoteza mtoto. Nimekunyang'anya ushahidi wako, na hilo nalisikia. Lakini mwanao mnene alikuwa anakufa kwenye ngazi, na huyu mwembamba anamsubiri mjukuu wako juu ya ngazi hizohizo. Kati ya hao wawili, unataka yupi akutumie picha mwakani?

Hapa simama kusoma, Stella. Mpe Mama vidonge vyake, na maji, umwone akimeza. Ale kwanza, asitoke na tumbo tupu. Chunguza nyayo zake mwenyewe, kwa macho na vidole, hata katikati ya vidole, na ukiona jeraha, safari iwe ya kliniki na barua ingoje. Kama ni nzima, mvishe soksi na vile viatu vya kufunika. Chota maharage kwenye bakuli, lifunike. Kisha fungua ukurasa wa mwisho, lakini usiufungulie ndani. Ufungulie nje ya mlango, Mama akiwa amesimama.

*

Mama, umetoka? Haya, twende polepole.

Siku zote salamu zangu hupewa mtoto azipeleke mbio. Hizi sizitumi kwa mtoto. Zitafika kwa mdomo wako, kila mtu mlangoni kwake, na Stella hatasoma ya mbele mpaka mmefika.

Kwanza kwa mama mdogo Anastazia, nyumba ya tatu. Mwambie nakumbuka alivyonisuka siku ya kuondoka, na kwamba kichwa kiliniuma mpaka Louisville. Mwachie bakuli. Usipokee soda, omba maji, ukae kidogo.

Umepumzika? Sasa kwa shangazi, pale kwenye mashine ya kusaga. Mwambie ugali wa mtama nimeufikisha Buffalo na umeliwa na wageni. Kaka zake walioko Columbus wanamsalimu.

Mbele kidogo ni kwa baba mkubwa Simeoni. Mpigie hodi kwa nguvu, masikio yake tunayajua. Mwambie yule binti aliyemfundisha kubishana alishindwa na msichana mdogo mbele ya watu, na hakufa.

Wa mwisho ni mama mkwe wa Stella, ng'ambo ya kijito. Kwake ni mbali na pana mwinuko. Nimesikia yeye ndiye aliyesema nina ugonjwa wa kufichwa. Sina hasira naye, mpeni salamu nyingi. Lakini huyo, Mama, usimwambie ukiwa umekaa. Simama mbele yake kwa miguu yako yote miwili, na umwambie, "Mwanangu ni mzima."

Kama leo hukufika kote, rudi. Salamu hazichachi. Bakuli lako liko kwa Anastazia, na unamjua hatalirudisha tupu, kwa hiyo kesho utakuwa na la kupeleka.

Siku mtakayosoma haya, jioni ya huku, nami nitakuwa nimetoka ghalani, nimefunga skafu, nimeshika bakuli la Yolanda. Tutakuwa tunakwenda sote wawili.

Ni mimi mwanao, Konsolata, niliyerithi mdomo wa baba mkubwa na miguu yako.